Waliosali kwa Zamu

Siku moja kabla ya redio kututangazia vita, nilikuwa barazani kwangu Ngamiani nikinyoosha rimu ya baiskeli ya Kombo. Kombo alikuwa rafiki yangu, kijana wa Maramba, mtoto wa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mbishi kupita kiasi. Alikaa pale akinifundisha kazi yangu mwenyewe, mpaka nikamwambia akanunue punda.

Haukupita muda mrefu, wote wawili tulikuwa mbali na bahari ya kwetu, tumevaa magwanda, kwenye vita vya Uganda. Tukapangiwa upelelezi.

Ng'ambo ya kinamasi kulikuwa na kilima, na adui alikuwa juu yake. Kamanda alitaka kujua ni wengi kiasi gani na wamejificha wapi. Tukisema ni wachache, kampuni yetu ingevuka moja kwa moja alfajiri. Tukikosea, ingeishia majini.

Tulilala kifudifudi kwenye mafunjo tangu asubuhi, mbu wakitufaidi. Hatukuona mtu mpaka alasiri, adhana iliposhuka kutoka kilimani. Moyo uliniuma. Lafudhi ilikuwa ngeni, lakini maneno ni yaleyale ya nyumbani.

Walitoka, wakapanga safu moja fupi nyuma ya imamu wao.

"Wachache hawa," nilinong'ona. "Twende zetu."

Kombo alinishika kifundo cha mguu. "Ngoja, yakhe. Mtizame imamu."

Imamu alikuwa amesimama kwa rakaa ya pili, haendelei. Waliokuwa nyuma yake walijimalizia sala wenyewe, wakatoa salamu, wakachukua bunduki na kuondoka. Wengine wakaja mbio kujaza nafasi zao, na imamu akaendelea nao.

"Sala ya hofu," Kombo alisema. "Baba katufundisha. Hawa wakisali, wale wanalinda. Sasa hao wa pili wametokea wapi?"

Mimi nami nilisoma chuo, ila somo hilo nadhani lilinikuta nimetorokea mpirani.

"Nasogea nikaone," alisema.

Nilimkataza. Ungemkataza nani!

Alitambaa.

Mafunjo yalitikisika.

Mlio mmoja.

Nilimfikia kwa tumbo. Alikuwa amepigwa kifuani, na damu ilishaingia majini.

"Kushoto," alisema. "Chini ya migomba. Mahandaki tele, yamejaa watu. Nenda."

Nikamwambia nitambeba. Alinitukana tusi la kwetu kabisa, lile lisilotamkwa mbele ya wazee, nikajua hatanii. Nikaenda.

Kampuni haikuvuka pale. Ilizungukia kulia, ikatokea nyuma ya kilima, na kilima kikachukuliwa. Kamanda alisema katika shambulio lile hatukupoteza mtu. Alisema kweli, maana Kombo alikuwa amekufa jana yake.

Vita vilipokwisha nilikwenda Maramba kwa baba yake.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae."

Nilimsimulia yote, kama ninavyosimulia hapa. Nilidhani namletea faraja. Nikamwambia, "Elimu uliyompa ndiyo iliyotuokoa sisi wote."

Mzee akauliza bila hasira, "Na yeye siku hiyo aliisali alasiri?"

"Hakuwahi, mwalimu. Tulikuwa tumejificha."

"Mlikuwa wawili," alisema. "Mmoja angesali, mwenzake akalinda."

Aliniletea maji ya kunywa mwenyewe, akanisindikiza mpaka barabarani, na hatukuzungumza tena habari ile mpaka alipofariki.

Sasa nami ni mzee. Mke wangu ametangulia, wanangu wako kwao, wajukuu nawasikia kwenye simu. Alasiri nakwenda msikitini, nasimama watu kulia, watu kushoto, na bado nikisujudu nahisi mgongo wangu uko wazi. Hapo ndipo ninapomkumbuka Kombo. Nachelewa kuinua kichwa, na jirani yangu safuni hudhani nimesinzia.