Tanzia ya Mkurugenzi Aliye Hai

Mjini kwetu Donka ndiye hutuzika, ingawa hajawahi kushika koleo. Ukifa, yeye huchapa tanzia yako yenye picha na fremu nyeusi, kisha huzunguka na ndoo ya gundi akiibandika kwenye miti, kwenye nguzo za umeme na kwenye mlango wako mwenyewe. Gundi anaipika nyumbani, na haambii mtu anatia nini. Kuna watu walishaoza zamani, sura zao bado zinawatazama wanaosubiri basi.

Anachokipenda zaidi duniani ni timu yetu, Kamenar. Anayemchukia ni Radomir Velchev, mkurugenzi wa timu, aliyemuuza Yavor, mshambuliaji pekee aliyejua goli liko upande gani. Tangu siku hiyo Donka alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu: Velchev aondoke.

Jumanne akajibiwa. Mwenye timu alimtumbua Velchev kwa simu, Velchev akiwa kwenye kiti cha kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja. Mashabiki wakamiminika dukani kwa Donka.

"Shangazi, tuchapie tanzia yake."

"Bure kabisa," akasema Donka. "Na picha naiweka kubwa."

Maneno aliyatunga mwenyewe: Kwa furaha tele tunatangaza kuondoka kwa Radomir Velchev, baada ya kuugua ujinga kwa miaka mingi. Jioni mji mzima ulikuwa umejaa sura ya Velchev, na iliyo kubwa kuliko zote ilikuwa kwenye geti la uwanja.

Alichosahau ni kwamba sisi hatusomi tanzia. Tunaona fremu nyeusi, tunavua kofia, tunaanza kusifu.

"Maskini, hata pensheni hajaionja," alisema mzee Gancho, fundi viatu, mbele ya geti.

"Mzee, si huyu uliyemrushia chupa juzi?" akauliza Donka.

"Ilikuwa tupu. Tulikuwa tunataniana."

"Hajafa, mzee wangu. Ametumbuliwa tu."

"Ndicho kilichomuua."

Basi msafara ukaenda nyumbani kwa mama yake Velchev, na ngano ya kuchemsha ya matanga, na maua mawili mawili kama apewavyo maiti. Wakalia mlangoni kwa zamu. Alikuwa mtu wa watu. Alikuwa na jicho la mpira. Hata Yavor alimuuza kwa kumwonea huruma, kijana akapate maisha. Ndipo mlango ukafunguliwa, marehemu akatokea na kijiko cha supu ya maharage mkononi, nywele upande mmoja.

"Kafa nani?"

Wakaficha maua migongoni. Ila maneno yalishatoka, na mama mtu alikuwa ameyasikia yote dirishani, tena akiitikia. Watu wetu wako tayari kufungwa mabao sita, si kuonekana waongo mbele ya mama wa mtu. Jumapili uwanja mzima ukaimba jina la Velchev. Mwenye timu, ambaye huogopa kelele kuliko kodi, akamrudisha kazini kabla ya mapumziko.

Donka alikaa jukwaani, mbegu za alizeti alizokuja kutafuna zimemlowa jasho kiganjani. Kwa ndoo yake mwenyewe alikuwa amemfufua.

Kesho yake Velchev akaja dukani, sasa amenyoa kote.

"Shangazi Donka, ile picha ya getini. Watu wakiniona wanapiga ishara ya msalaba. Nimekwangua kwa kisu, haitoki."

"Gundi yangu haitoki kwa kisu."

"Inatoka kwa nini?"

"Kwa Yavor. Mrudishe, nikupikie dawa ya kuitoa."

"Shangazi, mpira hauendeshwi hivyo."

"Basi izoee sura yako."

Akajaribu kuizoea. Kila mechi akawa anapita getini ameinamisha kichwa, kama mwenye deni. Mpaka wiki iliyopita, bibi mmoja wa kijijini alipomshika mkono kumpa pole, akidhani ni ndugu wa marehemu.

"Mmefanana sana," alimwambia. "Ila yeye alikuwa na sura ya akili."

Velchev alienda moja kwa moja ofisini, akauliza nani ana namba ya Yavor.