Mama Giga na Diski Kubwa

Walimpachika jina la Mama Giga enzi zile diski ya giga ishirini ilipokuwa kitu cha kuringia. Siku hizi angestahili kuitwa Mama Tera, lakini jina likishakunata ndiyo basi tena. Karakana yake ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vyombo: meza moja, taa ya kuinamia na dirisha lisilofunguka. Humo alikaa miaka ishirini na mbili akifungua laptop za watu, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko bisibisi zake. Mteja akilalamika kwamba kompyuta imejaa, alimjibu, "Imejaa au umeijaza?"

Maishani mwake alikuwa amepigwa kibao kimoja tu. Aliyempiga, mume wake wa zamani, alitoka nyumbani anavuja damu, alama ya birika kwenye paji la uso, na hakurudi hata kuchukua viatu. Mama Giga alisimulia kisa hicho huku akicheka, na sioni kwa nini asicheke.

Diski alikuwa ameziona zikikua na kusinyaa kwa wakati mmoja. Za mwanzo zilikuwa mapande ya chuma. Ukidondosha moja mguuni unachechemea wiki nzima, na ndani hazibebi kitu. Wateja walikaa naye mezani wakichagua cha kufuta, picha za marehemu au za harusi, na wengine walilia hapo hapo. Zikaja za giga themanini, za mia tano, mpaka hizi za tera, fupi kuliko kidole gumba, zinazomeza maisha ya ukoo mzima na bado zinabakiza nafasi. Watu wakaacha kufuta.

Ndipo akaja mshonaji nguo wa mtaa wa pili, kajifunga kitambaa mpaka shavuni. "Dada, imejaa. Niwekee kubwa, kubwa kabisa, isijae tena."

Mama Giga alinakili kila kitu kwenye diski mpya ya tera mbili, kisha akafungua faili moja kuhakikisha imehama salama. Faili zilikuwa mia nne na kumi na mbili, zote za sauti, kila moja na tarehe yake. Akasikia mkanda ukitua kwenye nyama. Mwanamke akasema, "Basi, baba watoto, basi." Mkanda ukatua tena. Akazima kwa hasira.

Akampigia mshonaji simu. "Mdogo wangu, haya mambo unayahifadhi ya nini?"

"Ya mahakamani, dada. Siku nikipata moyo. Nikisikia lori lake linaegeshwa, nabonyeza kurekodi, naifunika laptop kwa vitambaa, naiacha mpaka asubuhi. Miaka mitatu sasa. Bila hayo nani ataniamini? Mbele za watu yeye ni asali."

"Umewahi kuyasikiliza?"

"Hata siku moja."

Kesho yake, saa nne asubuhi, diski ikiwa bado kiganjani na laptop imefunguliwa tumbo, simu ikaita. Mshonaji alikuwa anahema. "Dada, toka! Amekuta karatasi yako ya kupokelea laptop, amenikaba mpaka nikasema. Anaitaka hiyo diski kubwa!"

Atokee wapi, na ngazi ni moja, na viatu vizito vilishaanza kuipanda? Mfukoni angepekuliwa. Mama Giga akaiweka diski mdomoni, chini ya ulimi, akafunga midomo.

Mume wa mshonaji, yule dereva wa lori, aliingia na spana ya magurudumu. "Diski kubwa iko wapi?"

Mwanamke ambaye mtaa mzima ulimjua kwa domo lake alimkodolea macho tu, na yule bwana akaona anadharauliwa. Spana ya kwanza ilitua begani, mfupa ukalia. "Nakuuliza wewe!" Ya pili ikavunja vidole viwili vilivyokuwa vimeshika ukingo wa meza. Ya tatu ikampata taya. Meno yakang'oka, mdomo ukajaa damu, na Mama Giga akaimeza damu pamoja na jino moja, akakaza midomo. Maumivu yalikuwa makali mno hata macho yake yakaona weupe mtupu. Aliogopa. Aliogopa kufa, na akaogopa zaidi kwamba angepiga kelele.

Alipekuliwa mifuko, akapekuliwa mpaka kifuani. Laptop ya mshonaji ikapondwa vipande, na diski yake ya zamani humo humo. Kisha yule bwana akaona rafuni pande la chuma la giga arobaini, zito kama nusu tofali.

"Kumbe hii hapa!"

Akalipiga mpaka sahani zake za ndani zikatawanyika sakafuni, huku akicheka. Jitu zima, na akili yake iko kwenye misuli! Alidhani kitu kikibeba vingi lazima kiwe kinene. Wauza vyombo walimkamatia kwenye ngazi, wakampa kipigo cha haja kabla ya kumkabidhi kwa polisi.

Siku ya nne mshonaji alifika hospitalini, shingo ina alama za vidole. Mama Giga alikuwa amefungwa taya kwa waya, hawezi kusema. Diski ilikuwa imeoshwa kwa spiriti, imekaushwa, imechomekwa kwenye laptop yake kando ya kitanda.

"Dada, nisamehe," mshonaji alisema bila kumtazama. "Wakwe wamekaa kikao. Wanasema nikiyafuta atabadilika. Ameapa. Naomba uyafute."

Mama Giga akaandika kwenye karatasi kwa mkono wa kushoto: *Ni yako. Futa mwenyewe.* Akamsogezea laptop.

Mshonaji alitaka kufuta, kidole kikateleza, faili ya kwanza ikafunguka katikati. Hakukuwa na mkanda wala mtu anayelia. Kimya kirefu, mlango ukibamizwa, kisha nyayo ndogo. Halafu sauti ya bintiye, wakati huo ana miaka minne, ikinong'ona karibu kabisa na laptop:

"Mama, ametoka. Usiamke. Akirudi akikuta umelala hapigi. Mimi nitakaa hapa nikuangalizie."

Mashine iliendelea kurekodi pumzi za mtoto, saa baada ya saa. Mshonaji alisogeza mbele, akasogeza tena, na pumzi zilikuwepo, za mtu aliye macho, mpaka jogoo akawika.

"Siku zote nilidhani alikuwa amelala," alisema. Akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Asubuhi ile nilimchapa, dada. Nilimchapa kwa sababu aligoma kuamka."

Akachomoa diski, akaifunga kwenye leso, akateremka kumkabidhi askari polisi aliyekuwa mlangoni.