Kigoda Chini ya Kiti cha Nyuma

Mimi ni mtu wa kushuku. Sokoni nanusa nyanya mbele ya muuzaji mwenyewe, na samaki namfunua mashavu mpaka mwenye samaki aseme basi. Kwa hiyo nilipoamua kununua gari, kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ambaye ameendesha malori kati ya Bunagana na Goma kwa miaka mingi, alicheka sana. Alisema wengine huwaonea huruma wanunuzi, yeye anawaonea huruma wauzaji watakaokutana nami.

Gari lenyewe lilikuwa la mama. Goti lake lilikuwa limekataa pikipiki, na kwetu mtu asiyeweza kupanda pikipiki hana namna, maana njia inayotoka nyumbani ni mawe meusi ya volkano yanayomkwaza hata mwenye miguu mizima. Jumapili baada ya Jumapili alikaa mlangoni akiimba sauti ya pili peke yake, huku korali yake ya akina mama ikiimba bila yeye upande mwingine wa mji. Alisema hajali. Mama akisema hajali, ujue anaumia. Niliumia naye, na nikaapa moyoni kwamba nitamrudisha kwenye benchi lake.

Kaka alinifundisha kazi. Fika asubuhi mapema, mwenye gari asikutarajie. Weka mkono juu ya kapo, lile bamba linalofunika injini. Likiwa na joto, mwenyewe ameshaiwasha ili usione inavyogoma ikiwa baridi, wala moshi inaoutoa.

Kwa muuzaji wa kwanza tulifika saa kumi na mbili na nusu. Niliweka mkono juu ya kapo, nikautoa haraka.

"Papa, juu ya nini iko moto?"

"Ni jua tu, mama."

Niliangalia juu. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabati. Kaka aligeukia ukutani, mabega yakimtikisika, na mimi nikamshukuru yule papa kwa adabu zote kisha tukaondoka.

Muuzaji wa pili aliapa kwamba gari lake lilikuwa la kwenda ofisini na kurudi. "Haiyatokaka mu mji hata siku moja," alisema, mkono kifuani. Kaka akalala chini, akachokora mahali ambapo maji ya kuoshea hayafiki, akatoka na donge la udongo mwekundu. Udongo wa Goma ni mweusi, tunaupangusa kwenye viatu kila siku. Mwekundu ule ni wa milima ya Masisi, kunakofugwa ng'ombe. Nilimuuliza yule bwana kama ofisi yake imehamia malishoni kwa ng'ombe. Naungama kwamba kufikia hapo nilikuwa nafurahia kukamata watu kuliko kutafuta gari.

La tatu lilikuwa gari la zamani aina ya jeep, refu, usukani upande wa kulia kama magari mengi yanayotufikia kupitia Uganda, ingawa sisi barabarani tunashika mkono wa kulia. Mwenyewe alikuwa muzee aliyefanya biashara ya maharage katika mji wa Kiwanja, na aliliuza kwa sababu macho yake hayaoni tena vizuri. Kapo lilikuwa baridi, limelowa umande. Injini ilikohoa mara moja, ikashika. Kaka aliweka karatasi nyeupe nyuma ya bomba la moshi, nayo ikabaki karibu nyeupe. Kisha muzee akatutajia magonjwa ya gari bila kuulizwa: dirisha moja halishuki, mlango wa nyuma hautaki kufungwa mpaka utumie nguvu, na mvua ikizidi maji huingia miguuni pa dereva.

Mtu mwingine angetulia. Mimi nilishuku zaidi, nikijiambia kwamba anayetaja makosa madogo upesi hivi amekalia kosa kubwa. Niliingia nyuma, nikainua zulia, nikapapasa chini ya kiti, na mkono wangu ukagonga ubao. Nikavuta kigoda kifupi, kizito, kilichopigiliwa kipande cha tairi juu na kufungwa kamba ndefu mguuni. Nilishuka nacho kama mtu aliyemshika mwizi kwa kola.

"Muzee, na hiki? Munakiweka mbele ya gurudumu? Freni haishike?"

"Hapana, mama. Kale kakiti..."

"Twende kwanza mu kilima, tutaona."

Tulikwenda kilimani. Kaka alisimamisha gari katikati ya mteremko, akavuta breki ya mkono, nalo likatulia hapo hapo. Tulilipitisha kwenye mawe mabaya kabisa, redio imezimwa, midomo imefungwa, tukisikiliza, na hakuna kilichogonga. Tuliporudi kwa muzee nikanunua. Kigoda kilikuwa bado uani, pale nilipokitupa. Muzee alikionyesha kwa kidole, nami nikamwambia abaki nacho, sitaki takataka ndani ya gari langu. Alinitazama kidogo.

"Sawa, mama," alisema.

Jumapili niliamka na furaha ya mtoto. Nilipiga honi mlangoni mpaka majirani wakatoka. Mama naye akatoka, amevaa kitenge cha korali kilichopigwa pasi, uso unang'aa. Nilimfungulia mlango wa nyuma. Alishika mpini, akainua mguu mzima, na lile goti likakataa kumbeba. Tukajaribu tena. Nikamsukuma kwa nyuma mpaka kilemba chake kikaenda upande. Tukageuza ndoo akanyage, ndoo ikateleza juu ya mawe, jirani akamdaka. Kila mtu Goma husifu gari refu kwa sababu ya mawe, na mimi nilikuwa nimefikiria mawe tu.

Mama alikaa kizingitini akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mulipima freni, mukapima moshi, mukapima na udongo," alisema. "Ni mimi tu hamukunipima."

Majirani nao wakacheka. Lakini kicheko kiliisha na machozi hayakuisha, naye akaanza kufungua kilemba taratibu, kama mtu aliyesharudi ndani. Ndipo nilipokikumbuka kigoda: mpira juu ili mguu usiteleze, na kamba ya kukivuta ukishakaa. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka.

"Usivue," nilimwambia. "Ninakuya."

Kwa muzee nilimkuta mke wake, mama mnene mwenye bandeji miguu yote miwili, amekalia kile kigoda mbele ya jiko, anachambua maharage. Alianza kucheka kabla sijamsalimu.

"Nilimuambia muzee, ule mama atarudia. Ile motokari haipandike bila kakiti."

Muzee alitokea nyuma yake. Nilimwomba msamaha kwa kumkatiza neno, naye akasema si kitu, hata seremala aliyekitengeneza hakuambiwa ni cha kumpandisha mke wake, aliambiwa tu ni kwa kazi kubwa. Mke wake akainuka kwa shida, akanipa kigoda. Hapo nikaona alichokuwa amevaa: kitenge cha kanisa, hereni, viatu vya Jumapili. Alikuwa amejitayarisha kama kila wiki, kisha akakumbuka kwamba gari limeuzwa, akachukua maharage.

"Mama, panda," nilisema. "Muzee na wewe."

Alinionyesha jinsi inavyofanywa. Alikanyaga mpira, akashika mpini, akajivuta mara moja, na alipokwisha kukaa akavuta kamba, kigoda kikaruka mapajani mwake. Muzee alikaa mbele kushoto, mahali ambapo abiria humwangalizia dereva kama njia iko wazi, na kwa macho yake yale tulikwenda bila kumpita mtu yeyote.

Mama alikuwa bado kizingitini, kilemba mkononi. Mlango wa nyuma ukafunguka, kigoda kikashuka kwa kamba mpaka miguuni pake.

"Karibu, mama," mke wa muzee alimwita. "Mukono hapa. Usiogope."

Mama alifunga kilemba kwanza. Kisha akakanyaga, akapanda. Nilifunga ule mlango kwa mikono miwili, nikazunguka, nikaingia. Kabla sijawasha injini mama alikuwa ameshaanza kuimba sauti ya pili, na mke wa muzee, ambaye ni wa kanisa lingine kabisa, akashika ya kwanza.