Filamu Niliyosema Nimeielewa

Tuliitazama Jumapili mchana, mvua ikipiga bati mpaka ikabidi tuongeze sauti. Tulikuwa wawili kitandani, mimi na mdogo wangu wa kike wa miaka kumi na miwili, kwenye chumba tulichopanga mjini, mtaa wa Mwembesongo. Filamu niliingiziwa kwenye flashi na kaka mmoja mwenye kibanda cha filamu mtaani kwetu. Zile za kizungu huwa zimetafsiriwa: mtu mmoja, tunamwita dijei, anaongea Kiswahili juu ya sauti za wote. Anakuwa mume, anakuwa mke, anakuwa mtoto, na akichoka anawatania mashabiki wa mpira halafu anarudi kwenye habari.

Habari ilikuwa hivi, kwa kadiri nilivyoifuata. Mtu amefiwa na mke. Nyuma ya maporomoko anakuta mlango wa maji, anapita, anatokea miaka ya nyuma, mke bado mzima anaanika nguo. Hapo sawa. Kisha akatokea mzee anayechechemea, anamfuata kila aendako. Kisha yule mume akawa wawili, mmoja ana koti jekundu, mwingine hana. Kisha mke akafa tena, kwa namna nyingine, na mtoto wa jirani tuliyemwona mwanzo akawa hayupo wala hakuna anayemkumbuka. Dijei akashusha sauti: "Sheria ni moja, ndugu mtazamaji. Ufike palepale ulipompoteza mtu wako, siku ileile, saa ileile, mlango utafunguka. Ila mmoja akitoka, mmoja anaingia."

"Dada, yule mzee ni nani?" mdogo wangu akauliza.

"Baba yake."

"Na wa koti?"

"Ni yeye mwenyewe, wa zamani."

"Zamani ipi, ya kwanza au ya pili?"

"Tazama tu, utaelewa."

"Kwani wewe umeelewa?"

"Nimeelewa."

Sikuwa nimeelewa kitu. Lakini kwa miaka mitatu nilikuwa sijawahi kumjibu mtoto yule kwamba sijui. Sisi ni Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye sauti. Mama alipofariki, baba akiwa ametangulia zamani, mjomba alitaka kumchukua mdogo wangu akaishi naye milimani. Nilikataa. Niliacha shule kidato cha pili, nikaanza kukaanga vitumbua, nikamwambia mjomba kwamba mtoto atasoma na mimi nitamtosha. Mtu wa kutosha hasemi sijui. Nilikuwa napitia hesabu zake usiku akiwa amelala, ili asubuhi akiniuliza niwe na jibu.

"Kwa hiyo ukifika saa ileile kweli unafunguka?"

"Si umesikia mwenyewe?" nikasema. Nilikuwa nachambua mchele wa vitumbua, macho yangu yako kwenye ungo.

Jumatano iliyofuata ilitimia miaka mitatu kamili tangu mama afariki. Nilirudi kutoka kuuza saa tano, nikakuta sare ya shule ya mdogo wangu imetundikwa msumarini. Niliipapasa kama mjinga, kana kwamba yumo ndani yake. Viatu vya shule vilikuwa chini ya kitanda. Nikafungua sanduku. Kanga ya mama, ile ya kijani aliyokuwa akijifunga kwenda shamba, haikuwepo.

Nilikimbia shuleni, hawakuwa wamemwona. Nikaenda kibandani kwa kaka wa filamu, kwa kuwa ndiye mtu mwingine pekee ambaye mdogo wangu alipenda kupiga naye soga.

"Jana alikuja hapa, sista," akasema, hata hajainua macho kwenye kompyuta. "Akaomba nimrudishie nyuma ile ya mlango wa maji, pale mwishoni. Kaitazama mara tatu. Ananiuliza, eti lazima iwe maporomoko, au hata kivuko cha mto kinafaa?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia maji ni maji." Hapo akaniangalia, akaacha kutabasamu. "Dogo yuko wapi?"

"Ile sheria," nikamwambia. "Mmoja akitoka, mmoja anaingia. Ndivyo filamu inavyosema?"

"Ah, yule jamaa anatia chumvi tu pale. Mimi nimesoma yale maandishi ya chini. Mzungu hakusema hivyo hata kidogo. Dijei akiona watu wanasinzia anaongeza yake."

Hapo nikajua alikokwenda. Mama alikufa kwenye kivuko. Alikuwa amepanda milimani, kijijini kwao, kuvuna maharage, mdogo wangu akashikwa na homa, nikampigia simu. Hakusubiri kesho yake. Alishuka na mvua, saa kumi jioni akaingia kwenye kijito ambacho kiangazi unakivuka bila kukunja nguo, na maji yakamchukua. Msibani mwanamke mmoja alisema, "Homa ya mtoto ndiyo iliyomshusha." Mtoto mwenyewe alikuwa mkekani pembeni yangu. Nilidhani amelala.

Kaka wa filamu alimwita mwenye bodaboda, akamwambia anifikishe mwisho wa barabara. Kutoka pale nilipanda kwa miguu. Mjini jua lilikuwa linawaka, lakini huko juu mlima ulikuwa umefunikwa, wingu limekaa tuli kama limewekwa. Nilikuwa najua maana yake, kila mtu wa huku anaijua: mvua ya juu haikunyeshei, inakuja kwako kwa njia ya mto. Nilipanda nikiteleza, nikishika migomba. Kila niliposimama kuvuta pumzi nilisikia maji, na sikuweza kupima kama yako mbali au karibu.

Nikakutana na mama mmoja anashuka na mkungu wa ndizi kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mbio hivyo?"

"Umempita binti, kanga ya kijani?"

"Nimempita. Kaniamkia vizuri, mtoto mwenye adabu. Nikamwambia rudi, huko juu kumechafuka. Akasema anampokea mama yake."

Nilipanda tena, na sasa nilikuwa nalia kwa sauti bila kujua.

Nilimkuta. Alikuwa amesimama juu ya jiwe katikati ya kijito, kanga imefungwa kifuani, uso umeelekea yanakotoka maji. Yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu, yanaleta majani na vijiti, yanagusa vidole vyake. Kati yake na mimi kulikuwa na mawe matatu, moja tayari limezama. Mimi sijui kuogelea. Nikamwita, akageuza kichwa tu.

"Usije, dada. Ukija itaharibika. Ni mtu mmoja tu anaingia."

Nilitaka kumfokea. Nilitaka kumwambia dijei ni mwongo, lakini nilijua angebisha, na maji yasingengoja tubishane. Likanitoka jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

"Ile filamu mimi sikuielewa."

"Ulisema umeelewa."

"Nilidanganya. Hata yule mzee sijamjua mpaka leo."

"Si ulisema baba yake?"

"Nilikisia."

"Sio baba yake. Ni yeye mwenyewe akiwa amezeeka. Hukuona anachechemea mguu uleule alioumia yule mume?"

"Sikuona. Sasa wa koti ni yupi?"

"Wa safari ya pili."

"Sikusikii, maji yanapiga kelele. Sogea."

Akashuka, akasogea jiwe moja kuja kwangu. Akaanza kunieleza kwa mikono, kama anavyofanya siku zote, mkono huu safari ya kwanza, mkono huu ya pili. Niliuliza tena, nikauliza maswali ya kijinga, na baadhi hayakuwa ya kijinga, nilikuwa kweli sijui. Nilikuwa nimeingia majini mpaka magotini, nimeshika mzizi, meno yanagongana.

"Na yule mke mwishoni, alirudi?"

"Alirudi. Lakini hakumjua. Walikuwa hawajawahi kukutana."

"Basi mama akitoka hapo, wewe hupo, atanijua mimi? Atajua aliwahi kuwa na wewe?"

Mikono yake ilisimama hewani. Aliyatazama maji, akanitazama, na nikaona hofu inaingia usoni mwake kwa mara ya kwanza siku ile. Kabla ya hapo alikuwa ameniachia mimi hofu yote.

"Dada, jiwe halionekani."

"Lipo. Nyoosha mkono."

Alikanyaga, akateleza, nikamdaka mkono juu ya kiwiko, nikamvuta kama gunia. Kucha zangu zilimwacha na alama kwa wiki nzima.

Hakukubali kuondoka kabla ya saa kumi. Tulikaa mbali juu ya ukingo, nimemkumbatia kwa nyuma, simu iko mapajani mwangu. Lile jiwe lake la katikati lilizama saa tisa na nusu. Saa kumi ilifika, maji yakaendelea kushuka yakiwa na rangi ileile, akalia kwa namna ambayo hakulia msibani. Nilimwambia homa haikuwa kosa lake. Akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia sijui nimejuaje.

Saa kumi na robo akasema ana njaa. Tulishuka. Sikumwachia mkono mpaka tulipokanyaga lami, na hata hapo sikumwachia.