Fundi Nyundo na Darasa la Binti Yake

Fundi makochi huyu mtaani walimwita Nyundo, na jina halikuwa la bure. Kwa miaka kumi na tisa alianza kazi saa moja asubuhi, misumari mdomoni, na majirani waliopenda kulala walikuwa wameshanyoosha mikono. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, fremu za makochi zimepandana mpaka darini, magunia ya sponji yameziba dirisha moja.

Binti yake wa pekee, wa miaka kumi na tano, alikuwa na usonji. Kichwa chake kilikuwa chepesi kwa masomo, lakini kelele za watu zilimwumiza kama kipigo. Darasani walikuwa hamsini na kitu. Kengele ikilia, aliingia chini ya dawati na kuziba masikio, na mara nyingi hakutoka tena. Muhula wa pili ulipoanza hakulia wala hakugomba. Aliviweka viatu vya shule juu ya kabati, akasema, "Basi."

Mama yake, karani wa posta, ndiye aliyepata habari za shule inayofundisha kwa mtandao: wanafunzi wanane tu, kila mmoja akiwa kwao, na mwalimu aliyezoea watoto wa namna hiyo.

"Darasa ni saa mbili mpaka saa sita," alimwambia mumewe. "Anataka utulivu."

Fundi akatema misumari kiganjani. "Mke wangu, umeolewa na fundi makochi."

"Najua. Ndiyo maana nakwambia wewe, sijamwambia jirani."

Fundi akazipindua siku zake. Asubuhi akawa anakata vitambaa, anashona kwa mkono na kujaza sponji. Kugonga kukasubiri mchana. Kati ya karakana na meza ya kompyuta akatundika pazia zito, mabaki ya kochi la mteja. Kazi ikapungua kasi, na wateja hawakukosa maneno. Mwenye saluni alikuja mara tatu kuulizia viti vyake.

"Fundi, viti vyangu vimelazwa hospitali?"

"Kesho kutwa vitaruhusiwa, mama. Ila sema polepole, mtoto yuko darasani."

Wiki za kwanza kamera ilitazama dari na kipaza sauti kikafungwa. Binti alisikiliza, akajibu kwa kuandika. Fundi alihofia watamfukuza, akampigia mwalimu simu kuomba radhi.

"Usijali, baba," mwalimu akasema. "Dari yenu nimeshaizoea. Majibu yake yote ni sahihi."

Fundi naye, aliyeishia darasa la saba, akajikuta ananyoosha shingo nyuma ya pazia. Siku ya somo la pembe alichukua kipande cha mbao akakipima, akagundua kwamba kona alizoziita mraba maisha yake yote hazikuwa mraba. Hakumwambia mtu.

Karibu na mwisho wa muhula mwalimu alitaka kila mwanafunzi awafundishe wenzake kitu anachokijua, kwa dakika kumi. Mama alipouliza atafundisha nini, binti alijibu neno moja: "Vifungo."

Maana yake ni vile vifungo vinavyobonyeza mgongo wa kochi. Fundi alivipanga kwa jicho. Binti alikuwa amevipima kitambo kwa rula na kuona vinapishana.

Siku ilipofika aliishusha kamera mwenyewe, ikaonyesha mto wa kochi juu ya meza na mikono yake tu. Akafungua kipaza sauti. Dakika nzima akawa anapanga na kupangua vifungo mezani. Fundi akashindwa kuvumilia, akasogea ili amsaidie kueleza.

"Baba, kivuli chako kimo kwenye kamera."

Fundi akarudi kinyumenyume mpaka akakalia gunia la sponji.

"Vifungo sita. Pima kwanza," binti akawaambia wenzake. "Halafu sindano." Kifungo cha kwanza kikakaa. Cha pili fundo likafyatuka, akaanza kujiyumba mbele na nyuma. Fundi alishika goti lake ili asinyanyuke.

"Hatuna haraka," sauti ya mwalimu ikasema.

Binti akahesabu mpaka ishirini, akafunga upya. Dakika kumi zilipoisha alikuwa na vifungo viwili kati ya sita, na kwa kuwa alisema sita, hakuacha. Mwalimu akawaruhusu wenye haraka waondoke. Aliondoka mmoja tu. Kifungo cha sita kilipoingia, msichana mwenzake akauliza, "Mbona uzi haukatiki?"

"Ni wa nailoni." Kisha akaongeza bila kuulizwa, "Wa pamba ungekatika."

Nyuma ya pazia baba mtu alifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Jumamosi iliyofuata yule msichana akatuma picha ya mto alioushona, na kifungo kimoja. Binti akaitazama sana, akaandika: "Kimepotoka. Sentimita mbili kushoto."

"Mwanangu," fundi akasema, akichungulia begani kwake, "watu huanza na hongera."

Akaandika, "Hongera." Akafikiri kidogo. "Tuma kingine."

Jioni ikaja picha nyingine. Aliiweka rula juu ya kioo cha simu, akapima huku na huku, kisha akainyanyua simu ili wazazi wake wote wawili waone.

"Kiko katikati," akasema, akicheka.