Nyongeza ya Maziwa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, ambapo mimi na mwenzangu Wafula tulikuwa tumeamua kuvunja urafiki na kampuni kubwa. Hukuniuliza, lakini nitakueleza tu, maana naona nawe umeanza kuitwa kwenye ofisi zenye zulia.

Tulikuwa vijana wenye kampuni changa. Tulitengeneza mashine za kuuzia maziwa ya kupima hapa Kibera, katika chumba tulichopangishwa na Hajat Zenabu, mama wa Kinubi mwenye nyumba upande wa Olympic. Biashara ilikua haraka mpaka ikatutisha. Ndipo kampuni kubwa ya maziwa ikatuita: wao walete maziwa na mtaji, sisi tulete mashine na maduka tuliyoyazoea. Walitaka mashine ipime na kukata, lisizidi hata tone. Tukaitikia ndiyo, ndiyo, huku tukinywa chai yao.

Sasa wewe ni wa mtaani, unajua. Muuzaji akishapima, humwongezea mteja kidogo, na hiyo ndiyo heshima yenyewe. Mashine zilipofika Gatina, mtaa wa Kawangware, wateja walinunua mara moja wakarudi kwa wachuuzi. Mama Awino, mwenye duka letu la kwanza huko, alitulalamikia: "Mteja akikosa nyongeza anadhani nimemnunia. Mtanimalizia watu." Kampuni nayo ikatuonya kwamba mambo yakiendelea hivyo itafunga mradi. Na ukifungwa, nasi tumekwisha, kwa maana tulikuwa tumeacha kazi nyingine zote.

"Hawa masonko wa ofisini hawajui mtaa," Wafula akasema asubuhi hiyo. "Wacha tujitoe mapema."

Nikamuunga mkono. Hajat alikuwa mlangoni akisuka kawa la kufunikia chakula, na masikio yake hayakuwa na likizo.

"Mliwaambia habari ya nyongeza?" akauliza.

Hatukuwaambia. Tuliona haya, mwanangu. Mbele ya watu wenye tai, nyongeza ilionekana jambo la kishamba.

"Kwa hivyo mlitaka waote? Mficha uchi hazai. Mliitwa ndio muwaambie wasiyoyajua, nyinyi mkaenda kunywa chai. Sasa mnawatukana."

Alisema hivyo akaendelea kusuka. Niliumia, kisha nikacheka.

Tukamwomba afisa wao, mama mmoja mpole kuliko tulivyomdhania, aje Gatina. Alikaa juu ya kreti dukani kwa Mama Awino asubuhi nzima. Mashine ilipokata maziwa, kila mteja aliendelea kushikilia jagi lake pale pale.

"Wanangoja nini?" akauliza.

"Nyongeza," Mama Awino akajibu. "Mashine yenu haina salamu."

Yule mama alicheka hadi akashika mbavu. Wakubwa zake walikubali nyongeza iwe juu yao, kwa pesa ambazo wangetia kwenye mabango ya matangazo. Sisi tukaweka kitufe cha nyongeza upande wa muuzaji. Wao nao walitufundisha kuosha mipira ya kupitishia maziwa asubuhi na jioni, jambo tulilokuwa tunaliona maringo tu, na maziwa yakaacha kuganda. Wateja walirudi. Leo nikipita Riruta nikiona jagi chini ya mashine zetu, moyo wangu unatulia.

Basi, mwanangu, ukiitwa na wakubwa, nenda, kwani kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini usiende kuitikia tu. Lile unalolionea haya huenda ndilo walilokuitia, liseme kabla hujatia sahihi. Nao wakikufundisha lao, usilidharau kwa sababu limetoka ofisini. Na kabla hujamwita mtu mjinga, jiulize kama ulimwambia.

Mungu akupe washirika wenye masikio, naye akufungue kinywa. Ukue, na wanaokujua kwa jina la utotoni wazidi kukuita hivyo hivyo.