Kitambaa Chekundu Mlangoni pa Banda

Shangazi ni fundi cherehani, na haamini macho matupu, anaamini kipimo. Ndiyo maana alipoanza kufuga kuku nyuma ya nyumba, alikata kipande cha kitambaa chekundu kilichobaki kwenye gauni la mteja, akakipigilia msumari mlangoni pa banda. Kila asubuhi, mswaki mdomoni, alikamata kuku mmoja mmoja na kulinganisha upanga wake, ile nyama ya kichwani, na kitambaa kile. Ukifanana, kuku mzima. Ukipauka, kuna jambo. Ukiwa wa zambarau, Shangazi hata chai hanywi, anamtafuta daktari wa mifugo.

Kipenzi chake alikuwa Bi Mkubwa, kuku pekee aliyeruhusiwa kushinda mchana chumba cha kushonea, juu ya mabaki ya vitambaa.

Bi Mkubwa alipoacha kutaga, mume wa Shangazi, ambaye kazi yake ni kupaka rangi nyumba za watu, alivumilia wiki tatu, kisha akatoa hukumu: Jumapili kuna wageni, na sufuria ipo. Shangazi akamvuta mpaka bandani kumwonyesha kwamba upanga na kitambaa ni rangi moja. Kuku hana ugonjwa wowote.

"Mke wangu, umenirahisishia," mumewe akasema. "Angekuwa mgonjwa ningemwonea huruma. Huyu mzima, anakula, hatagi."

Jumamosi nzima Shangazi alishona mkono wa gauni upande usio wake, akafumua, akaushona tena vilevile.

Jioni alinituma nimletee Bi Mkubwa amlishe kwa mara ya mwisho. Mlangoni blauzi yangu ikanasa kwenye ule msumari, ukachomoka. Pale kichwa cha msumari kilipokuwa kimefunika palikuwa na kiduara chekundu kama damu. Sehemu nyingine yote ya kitambaa ilikuwa ya waridi. Kilikuwa kimepauka juani miezi minane, panga za kuku zikipauka nacho, na Shangazi kila asubuhi akiridhika.

Niliwapelekea kuku na kitambaa. Mumewe akakisogeza dirishani, akacheka mpaka akatafuta kiti.

"Miaka ishirini nawaonya wateja kwamba jua linakula rangi," akasema, "na kwangu sioni."

Shangazi hakucheka. Alichukua kitambaa cheupe, akapangusa upande wa chini wa fito wanazolalia kuku. Kikatoka na madoa mekundu: utitiri walioshiba damu, wamejificha kwenye nyufa.

"Kumbe unanyonywa, mwanangu," akamwambia Bi Mkubwa, "na mimi nakusifia afya."

Wageni walikula maharage. Mumewe mwenyewe ndiye aliyemwagia fito maji ya moto, akazipaka dawa kwa brashi yake ya kazi. Siku hizi kitambaa kipya cha kipimo kinakaa ndani ya kopo la vifungo.

Wiki ya sita, Bi Mkubwa, upanga wake mwekundu hasa, alitaga juu ya suruali iliyosubiri kupindwa. Mwenye suruali alipokuja, Shangazi alimwomba arudi kesho.